Mdomo Mmoja

Koti lake nimelifua mimi. Nimelifua miaka mingi kuliko ile niliyofua sare za shule za watoto wangu, na hapo ndipo habari yake na yangu zinapokutana, kwa hivyo wacha nianzie hapo. Lilikuwa koti la kijivu, zito, mfuko mmoja umetoboka kwa ndani, na halikuvaliwa ila kwa kazi moja tu: kupeleka maiti nyumbani. Lilitaka maji baridi, sabuni kidogo, kisha lianikwe kivulini lisije likapauka. Ukilianika juani, alijua. Hakukugombeza. Alishika ukosi, akaugeuza kwenye mwanga, akakutazama, akasema, "Haya, Mama Imani." Basi. Wiki hiyo usingizi huupati.

Sisi tulimwita Msemaji. Jina lake lipo, na Kibera na Kawangware wapo watakaomjua kabla sijafika nusu ya habari hii, lakini silitaji. Ungeniuliza ningesema ni heshima. Uongo mtupu. Bado namwogopa, na mtu mwenyewe siku hizi hawezi hata kujifunga kifungo.

Mtu wa mbali hataelewa tulimwogopea nini, kwa sababu hakuwa na panga wala bunduki, na kwa mwili wake ule ungemwangusha kwa kumsukuma na ufagio. Basi sikiliza. Sisi tuliokuja Nairobi kutoka magharibi, na wenzetu wa upande wa ziwa, hatuzikwi mjini tukiweza kuepuka. Ukifa, basi linakodiwa, jeneza linawekwa nyuma, majirani wanapanda na kuimba njia nzima mpaka ushago, kijijini kwenu. Na huko nyumbani, kabla udongo haujarudishwa shimoni, mtu wa Nairobi husimama mbele ya ukoo akaeleza. Mtoto wenu mlimtuma mjini, tumeishi naye hivi, alifanya kazi hii, mke wake ni huyu, watoto wake ni hawa.

Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Wengi wetu hatukuolewa kwa mahari wala kwa pete. Tulioana kwa njoo-tuishi. Jamaa ana godoro, wewe una sufuria, mnaanza maisha, na kila Desemba anakuambia mwaka huu tutaenda kwenu bila kukosa. Desemba inapita. Nyumbani kwao wanasikia tu kwamba kuna mama fulani huko. Kwa hiyo siku anapokufa, ndoa yako yote iko kwenye mdomo wa yule anayesimama kaburini. Akisema huyu ndiye mke, unaketi karibu na jeneza, unaonyeshwa mahali pa kujenga, na watoto wako wanabaki wako. Asiposema, wewe ulikuwa abiria tu kwenye basi.

Na tulimpa sisi wenyewe mdomo huo. Hilo huwa linaniuma mpaka leo. Kabla yake alikuwa anasema yeyote, na ndivyo ilivyotokea katika mazishi fulani wakasimama watu wawili. Wa kwanza akamtaja mke huyu, wa pili akasema hapana, mke ni yule pale mwenye kitambaa cha kijani. Viti viliruka. Wanawake wawili walivutana nywele juu ya jeneza, na maiti ya watu ikabaki juani kama mzigo uliokosa mwenyewe. Tulirudi Kibera na aibu hiyo, tukaita mkutano kwenye lile kanisa la mabati lililo karibu na reli. Aliyesimama kutoa shauri alikuwa mume wangu, Baba Imani. Alisema, "Jamani, tuchague mdomo mmoja. Huyo akisema, amesema. Hakuna wa kuongeza, hakuna wa kupinga." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa na Imani mgongoni.

Msemaji alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alipotajwa alikataa. "Mimi sijui kuongea," akasema, na alimaanisha, nilimwona. Wakati huo alikuwa anatengeneza viatu kwenye kona ya kwenda Ayany, mtu mpole asiye na maneno. Tulimchagua kwa sababu hiyo. Tulimbembeleza, sikia basi, tulimbembeleza, mama mmoja akampigia magoti. Akasema, "Nitaona." Tukalichukua neno hilo kama ndiyo.

Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote tangu siku hiyo. Ukimwuliza utakuja kwetu Jumapili, nitaona. Utamsemea huyu mgonjwa vizuri, nitaona. Hakuwahi kukataa kitu mbele ya mtu na hakuwahi kukubali, na ukitoka kwake hujui kama umepata au umekosa, kwa hiyo unarudi kesho na kitu mkononi.

Mwanzoni alikuwa mzuri, nisimdhulumu. Alikuwa mzuri mpaka unasikia vibaya kumchukia. Kulikuwa na kijana mmoja mlevi pale ploti yetu, kwenye vyumba vyetu vya kupanga, mtu wa kuokotwa mtaroni, akafa mtaroni. Mama yake ushago alijua mwanawe ana kazi ya ofisini. Sisi kwenye basi tulikuwa tunajiuliza huyu mama ataambiwa nini leo. Msemaji alisimama, akavuta koti, akasema, "Mama, kijana wako akiwa na mkate, ploti nzima ilikula." Na ni kweli, siku moja aliwahi kuja amelewa na mkate akaugawa, nusu ukaanguka. Mama alicheka huku analia. Tulipokuwa tunarudi tulimwimbia Msemaji mpaka akaona haya.

Alikuwa anatembelea wagonjwa. Anaketi kando ya kitanda, anauliza kwenu ni wapi, mama yako anaitwa nani, ungependa wajue nini na wasijue nini. Hakuandika popote, alibeba kichwani. Watu walimwambia mambo ambayo hata padri hakuambiwa. Nimejiuliza sana kama alikuwa anakusanya silaha tangu siku hizo. Sidhani. Nadhani ilikuwa huruma ya kweli, na hilo ndilo linalonikera, maana lingekuwa jambo rahisi kama angekuwa mbaya tangu mwanzo.

Mazishi ya watoto yalimshinda. Akitoka huko alijifungia, hali, hanywi. Tena aliogopa mbwa wadogo, si wakubwa, wadogo hawa wa kubweka miguuni. Nilishamwona akizunguka njia ya Riruta yote kwa sababu ya kimbwa kimoja kwenye geti la watu. Tulikuwa tunacheka wakati huo. Baadaye ukicheka unaangalia nyuma kwanza ni nani amesikia.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa ya yule fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa Junior. Msemaji alikuwa amemwomba amtengenezee mlango wa chuma, fundi akamwambia ana kazi za watu mbele, asubiri. Ni hayo tu. Hawakugombana, hakuna aliyetukana mwingine. Fundi akaugua ghafla, akafa, tukapanda basi. Mama Junior alikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Alikuwa ametulia, maana alijua Msemaji yupo.

Msemaji akasimama. Akavuta koti. Akasema, "Tumemleta. Alikuwa fundi. Mungu amlaze mahali pema." Akaketi.

Sisi tukadhani amepumzika, ataendelea. Mama mzazi wa marehemu akageuka, akamwonyesha Mama Junior kwa kidevu, akauliza, "Na huyu ni nani?" Msemaji alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyejibu. Ungetaka tujibu nini, na tulishakubaliana wenyewe kwamba hakuna wa kuongeza? Mama Junior alitutazama mmoja mmoja. Alirudi Nairobi na basi lilelile na watoto wake, na kwa vile viti vilikuwa vimejaa, aliketi nyuma, pale jeneza lilipokuwa asubuhi. Hatukuimba. Ndani ya basi lile kila mwanamke alikuwa anapiga hesabu ya mume wake kichwani, kama yuko sawa na Msemaji au hayuko.

Kesho yake mtu alimfikishia Msemaji mtungi wa maji mlangoni, na hakuwa ameomba. Kesho kutwa wakawa wawili. Kiti chake kikitolewa nje, mtu alikipangusa kwanza kwa leso. Nani alianza? Sijui, huenda ni mimi. Mlango wa chuma ulipatikana haraka sana. Kisha watu wakaanza kumpelekea ugomvi wao aukate. Kisha akawa anasema nani auze mboga kona ipi, nani apangishwe chumba kikiwa wazi, bomba lifunguliwe saa ngapi. Vijana wa mtaa wakamzunguka, wakawa wanamtangulia njiani. Wanaotaka kura wakaambiwa ukitaka watu hawa pitia kwa mzee yule wa koti. Hakuna siku alitangaza kitu, na hakuna siku tulimpigia kura tena. Hakuhitaji. Kila mtu alikuwa na kaburi lake la kufikiria.

Na katika yote hayo alifanya mema pia, usiniulize kwa nini. Jirani yetu mmoja alikuwa anampiga mke wake kila mwisho wa wiki, polisi wameshindwa, wachungaji wameshindwa. Msemaji alimkuta nje anavuta sigara, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitasema nini nyumbani kwenu?" Yule mwanamume hakuinua mkono tena. Mkewe anamwombea Msemaji mpaka leo, na ukimsema vibaya mbele yake utatafuta pa kujificha. Kwa hiyo ukitaka nikuambie alikuwa shetani, sitakuambia.

Sisi wanawake tulifua nguo zake kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ya koti. Siku moja Baba Imani alirudi mapema kutoka mjengoni, akakuta koti ndani ya karai letu, na shati lake mwenyewe limewekwa pembeni linasubiri. Alimwaga yale maji yote mlangoni. "Mke wangu si dobi wa mtu," akasema, kwa sauti, na ploti nzima ikasikia. "Mimi ndiye nilisema tuchague mdomo. Sikusema tuchague mfalme."

Nilimpenda siku ile. Na nilimkasirikia pia, nikamwambia, "Wewe utasema hivyo kwa sababu ukifa hutakuwa hapo."

Tulihama. Tulipakia vitu kwenye mkokoteni tukaenda Kawangware, tukapata chumba kule kituo cha matatu cha 46, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilianika nguo nilipotaka. Nilikuwa nasuka nywele kwenye baraza ya ploti. Mteja wangu wa kwanza, mama wa upande wa ziwa, aliniuliza tumetoka wapi, nikamwambia Kibera.

"Aai, Kibera? Basi lazima unajua Msemaji."

Vidole vikasimama kichwani mwake. "Msemaji gani?"

"Kwani wako wangapi? Si ni huyo mzee anatusemeanga. Hata huku ni yeye. Hukujua? Ako na chumba hapa chini, anakujanga mara kwa mara."

Jumamosi hiyo tulikutana naye njiani, vijana wawili mbele, yeye nyuma na kofia yake. Akamsalimia Baba Imani kwa mkono, akanipa na mimi. "Kumbe mmehamia huku? Karibuni." Akatabasamu kabisa. Baba Imani alicheka tulipofika nyumbani, alicheka mpaka akaketi chini, kisha akainuka akafunga mlango kwa komeo, mchana. Tungeenda wapi tena? Kokote ambako watu wetu wanaishi ndiko wanakokufa, na wakifa kuna mtu wa kuwasemea, na mtu huyo ni mmoja. Tulikuwa tumehama kutoka chumba kimoja cha nyumba yake kwenda kingine.

Nilimwambia mume wangu twende kwenu sasa hivi, bila mahari, bila kitu, unionyeshe tu kwa mama yako. Alikubali. Alisema jengo wanalojenga likifika slabu ya mwisho, sakafu ya juu kabisa, atapata nafasi. Alianguka kutoka slabu hiyo.

Sitasimulia msiba. Nitasimulia tu kwamba nilikwenda mwenyewe kwa Msemaji, nikalichukua koti, nikalifua maji baridi, nikalianika kivulini, nikalikunja, nikampelekea kwa mikono miwili. Nilipiga magoti. "Mzee, Baba Imani alikuwa na mdomo, lakini hakuwa na moyo mbaya. Nisemee. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya watoto."

Alishika ukosi akaugeuza. "Limetakata," akasema. Kisha, "Nitaona."

Njia yote basini nilikuwa na Imani kulia na mdogo wake Weru kushoto. Imani alikuwa ameanza shule, Weru bado ananyonya kidole. Tulipofika nilikaa chini, si karibu na jeneza na si mbali, kwa sababu sikujua mahali pangu ni wapi. Msemaji akasimama. Akavuta koti nililolifua. Alimsemea Baba Imani vizuri ajabu, sijawahi kusikia hotuba kama ile, jinsi alivyokuwa mchapakazi, jinsi alivyokuwa mtu wa haki asiyeogopa kusema ukweli kwenye mkutano. Watu walilia. Nilianza kupumua. Kisha akaja akawashika watoto wangu mabegani, akawasogeza mbele, akasema, "Na hawa ndio watoto wake. Damu yake. Tumewaletea." Akawaacha pale. Akanigeukia. "Na huyu mama alikuwa jirani yao. Amewaangalia vizuri, tunamshukuru."

Jirani.

Nilipiga kelele, naambiwa. Mimi nakumbuka tu sura za watu wa basi letu, zote chini. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, alinishukuru, alinipa kuku. Nyumbani kwao watoto wa marehemu hubaki kwa ukoo, na jirani hurudi kwake. Weru alilia mpaka basi likapinda kona. Imani hakulia. Aliniangalia kama anayengoja nifanye kitu.

Nilienda kwa chifu wa huko. Chifu akasema lete shahidi kutoka Nairobi kwamba mliishi kama mume na mke. Nikarudi Kibera, nikarudi Kawangware, nikagonga milango. Watu niliowasuka, watu waliokula kwangu. "Mama Imani, tunajua. Lakini Msemaji alishasema." Hata yule niliyemkatia kitovu cha mtoto wake aliniambia hivyo, huku analia. Nilitaka kuwapiga wote kwa mwiko.

Basi nikafanya kitu ambacho mtu mwenye akili asingefanya, na kwangu hakikuwa na mbadala. Nilirudi kwa aliyefunga mlango, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwake. Neno lake lingeweza kurudishwa, na wa kulirudisha ni yeye tu. Nikafua. Si koti peke yake, kila kitu. Kila baada ya muda namwuliza, "Mzee, utaenda lini useme vizuri?" Naye, bila hasira, kama anayefikiria kweli, "Nitaona, Mama Imani." Waliendelea kuniita Mama Imani, nadhani ndilo lililoniuma zaidi. Likizo nilikwenda ushago na sukari na madaftari. Watoto walinisalimia kwa mkono. Weru aliniita "mama wa Nairobi," kama kuna mwingine. Walikua hivyo. Imani sasa ni msichana mrefu na ana sauti ya baba yake.

Nilifua mpaka siku kiharusi kilipompiga. Alianguka akiwa amekaa kwenye kiti chake, nje, mbele ya watu, upande wa kulia wote ukafa na ulimi ukafa nao. Nilisikia habari hiyo nikiwa na mikono ndani ya sabuni. Nililia mpaka majirani wakanishika, wakasema angalia huyu mama alivyompenda mzee. Hawakujua. Mdomo uliokuwa umewameza watoto wangu ulikuwa umefungwa na wao ndani.

Sasa watu walikuwa na maiti na hawakuwa na mdomo. Mkutano ukaitwa, kanisa lilelile la mabati. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Mtu akasema, kwani Mama Imani si ndiye amekaa na mzee miaka yote, anajua anavyosema. Wakageuka wote. Nikasema mimi sijui kuongea. Wakanibembeleza. Safari ya kwanza nilisimama, nikavuta gauni kama yeye alivyokuwa akivuta koti, nikasema, na mke wa yule marehemu akaketi karibu na jeneza. Niliporudi basini waliniimbia. Usiniulize kwa nini sijisemei mwenyewe kwa chifu. Mtu hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe. Hilo tulilipitisha pia, kwa makofi.

Mara ya mwisho nilipomwona ni mwezi uliopita. Nilipelekewa ujumbe kwamba mzee ananiita, nikashangaa anaitaje. Ni kile chumba cha Kawangware, ambacho kwa miaka yote nguo zake nilikuwa nazipokelea mlangoni tu. Alitoka mwanamke nisiyemjua, wa umri wa kunizidi kidogo, na watoto wawili wakubwa walikuwa ndani wamekaa sakafuni na vitabu. Akaleta kiti nje. Kabla sijakaa, akakipangusa kwa leso yake.

Msemaji alikuwa ameegemezwa kitandani, mlango wazi, tunaonana. Amekonda. Koti liko msumarini juu yake.

"Mama," yule mwanamke akaanza, na akapiga magoti pale kwenye simenti, "mimi nimekaa na yeye tangu huyu mkubwa hajazaliwa. Kwao hawanijui. Wanajua tu ule mke wa kanisa. Daktari amesema si mbali. Sasa siku hiyo ikifika..."

"Hakuwahi kukupeleka kwao? Hata siku moja?"

"Nilikuwa namwuliza." Akainama. "Alikuwa ananiambia ataona."

Nilicheka. Kicheko kibaya, watoto waliinua vichwa. Niliinuka nikaingia ndani, nikasimama kando ya kitanda. Alinitazama, akamtazama yule mama, akanitazama tena. Jicho moja lilikuwa linatiririka machozi. Alikuwa ananiomba, mtu ambaye maisha yake yote aliombwa, na alijua kuomba vizuri sana, maana alikuwa ametuona sisi.

"Mimi nilikuwa jirani?" nikamwuliza.

Mdomo ukafunguka, sauti ikatoka, si neno.

"Sema. Mimi nilikuwa jirani?"

Mkono mzima ukakamata shuka. Nilifurahi. Nalisema vile lilivyo: nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya wale watoto. Nilirudi nje nikaketi. Kiti kilikuwa kizuri, kina mikono pande zote mbili, na hapo barazani kuna upepo.

Yule mama bado alikuwa amepiga magoti. "Mama, utatusemea?"

Nilijua jibu. Nani angejua jibu hilo kuliko mimi? Najua basi la kurudi, najua kiti cha nyuma, najua mtoto anayekuangalia bila kulia. Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

"Nitaona," nikasema.

"Asante, mama," akasema, mara moja, kwa furaha, kama nimempa dunia. "Asante sana, Mungu akubariki." Ndani kitandani nilisikia sauti, nikageuka. Msemaji alikuwa anacheka, kwa nusu ya uso iliyobaki.

Yule mama alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mkoba, na ndani alikuwa ametia kunde zilizochambuliwa tayari. Akaniuliza nguo zangu huwa nafua siku gani. Nikamwambia Jumamosi, ndiyo, nilimwambia, mtu akiuliza si unajibu?

Jumamosi alikuja. Anafua vizuri kuliko mimi. Lile gauni langu jeusi la kupelekea maiti alilifua kwa maji baridi, akalianika kivulini bila kuambiwa. Kunde zilikuwa tamu. Nimeziogopa tangu nilipozila.

Amesema Jumamosi hii atakuja tena. Sijamwambia asije.